Mwanangu Anamheshimu Mzee Niliyemtunga Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kabla hujanisaidia naomba unisikilize hadi mwisho, kwa sababu nimekasirika tangu Jumanne na leo ni Jumamosi, na kila nikijaribu kumweleza mtu ananikatiza katikati na kuniambia huyo ni mtoto tu, atakua, na mimi sitaki kuambiwa atakua, najua atakua, hilo ndilo linalonitisha.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nina karakana yangu ya mageti, milango na grili za madirisha, niliyoianza miaka kumi na moja iliyopita kwa mashine moja ya mtumba iliyokuwa inazima kila baada ya dakika ishirini, na leo nina mashine nne, mafundi watano na stoo ya vyuma yenye komeo nililolitengeneza kwa mikono hii. Sikurithi kitu. Shule niliachishwa mapema ili kaka yangu aendelee, akaendelea, na utaona amefika wapi. Baba wa watoto wangu aliondoka zamani, ana maisha yake, simtaji tena katika barua hii. Watoto ni wawili, wa kiume ana miaka kumi na wa kike ana saba.

Hao watoto nimewalea kwa vitabu, nasema hivi ili usije ukadhani mimi ni mzazi wa kungoja shule imfundishie mwanawe adabu. Ninavyo ishirini na tatu nyumbani. Kabla sijanunua kitabu nasimama palepale dukani nakipekua na kuhesabu, muuza vitabu ameshanizoea, ananiletea na kiti. Kuna kitabu kimoja mwanangu alipewa shuleni, mama ametajwa mara thelathini na moja, na katika hizo mara ishirini na sita alikuwa anapika, anafua au analia, baba ametajwa mara kumi na tisa na hajalia hata mara moja. Cha shule sikuweza kukirudisha, nikanunua vingine sita vya kukifuta kichwani mwake. Nina cha msichana aliyejenga daraja, nina cha rubani mwanamke, nina cha bibi aliyeshinda kesi ya shamba lake mbele ya majaji wanaume watupu. Jioni tukishakula nawasomea dakika ishirini, mara tano kwa wiki, mwaka wa nne huu, nikiwa nimechoka, macho yanawasha kwa moto wa mchana kutwa, nasoma.

Sasa sikiliza nilicholipwa. Jumanne nafungua mkoba wa mwanangu kutafuta kikopo cha chakula alichokisahau, nakutana na daftari la insha. Kichwa cha insha, Mtu Ninayemheshimu. Nikakaa chini kabisa, nikajiambia leo nimevuna. Nakuandikia yote, si ndefu:

"Mtu ninayemheshimu ni mjomba wangu. Mjomba ndiye mwenye karakana. Ana kiti kinachozunguka. Watu wazima wakija wanamsalimia yeye kwanza. Mjomba haongei sana kwa sababu ana hekima. Mama yangu humsaidia kazi. Mama akitaka kukubali kazi lazima amuulize. Mama anachafuka lakini mjomba hachafuki. Nikiwa mkubwa nataka kuwa kama mjomba, na mdogo wangu wa kike atanisaidia."

Sentensi tisa. Mjomba yumo katika zote tisa. Mimi nimo katika tatu, nasaidia, naomba ruhusa, nachafuka. Na mwalimu wake, mwanamke mwenzangu, amempa kumi na nane juu ya ishirini na kuandika kwa kalamu nyekundu kwamba insha hii itasomwa mbele ya wazazi wote Ijumaa ijayo, siku ya wazazi.

Hapa lazima nikueleze habari ya huyo mjomba, na hapa ndipo pananitia aibu. Nilipofungua karakana wateja walikuwa wanakuja, wananikuta nimevaa aproni yangu ya ngozi, wanauliza, "Mwenye karakana yuko wapi?" Nasema ni mimi. Wanasema, "Haya, tutarudi akirudi." Wiki moja waliondoka watatu namna hiyo. Wa nne alipouliza nikamwambia Mzee ametoka kidogo, ameniagiza nichukue vipimo. Akanipa vipimo, akanipa na kazi. Tangu siku hiyo kukawa na Mzee. Mteja akitaka kupunguziwa, namwambia ngoja nimuulize Mzee, naingia nyuma ya stoo, nahesabu hadi sitini, natoka, nasema Mzee amekataa. Akitaka kazi iharakishwe, naingia, sitini, natoka, Mzee amekubali. Ubishi unakwisha palepale. Maneno yaleyale nikiyasema kwa kinywa changu tunabishana nusu saa. Simu na wageni wa namna hiyo ni kama wanane kwa siku.

Halafu wateja wakubwa wakaanza kutaka kumwona huyo Mzee kwa macho, na hapo ndipo nilipomwomba kaka yangu, aliyekuwa hana kazi, awe anakuja Jumamosi na siku za wageni rasmi, avae koti, akae kwenye kile kiti. Hajawahi kuchomelea hata bawaba. Nilimfundisha neno moja tu la kuwaambia wateja, "Tutaliangalia." Ukimletea mchoro, tutaliangalia. Ukimwambia moto unawaka kwenye stoo, tutaliangalia. Ndiyo hiyo hekima anayoandika mwanangu.

Usiku ule nilijizuia, maana ningepasua kitu. Asubuhi nikamweka mwanangu mbele yangu. Nikamuuliza, "Geti la shule yenu nani alilichomelea?"

"Wewe."

"Vipimo nani alichukua?"

"Wewe, mama."

"Na vyuma nani ananunua, na mafundi nani anawapangia kazi?"

"Si ni wewe."

"Sasa mjomba wako anafanya nini pale?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la chekechea. Akasema, "Anakuruhusu."

Mshauri, nimeunguzwa na cheche miaka kumi na moja, sijawahi kuungua hivyo. Nikamkumbusha vitabu, nikamwambia yule wa daraja je, yule rubani je, akaniambia kwa upole kabisa, "Hao ni wa kitabuni, mama." Na hapo nikaelewa na lile la wiki tatu nyuma, ambalo nililichukulia ni utundu tu. Nina fundi mmoja msichana, tunamwita Cheche, hakuna anayenyoosha mshono wa chuma kama yeye pale karakana. Alimwambia mwanangu asogee mbali na grenda inayokata chuma, mtoto akamjibu, "Wewe si bosi. Nitakusemea kwa Mjomba." Nilimlazimisha aombe msamaha, akaomba kama mtu anayekohoa.

Nikampigia kaka yangu kumweleza habari ya insha nikidhani ataona haya. Akacheka. "Huyo mtoto ana akili," akasema, "ameona mbali. Sasa hiyo Ijumaa nivae koti la kijivu au lile jeusi?" Nilikata simu kabla sijamwambia alivae lipi na alivalie wapi.

Na kuna jambo moja dogo ambalo pia linanisumbua. Binti yangu Alhamisi alikuwa anacheza duka na mdoli wake. Mdoli akataka kupunguziwa. Binti akasema, "Ngoja nimuulize Mzee," akaingia nyuma ya pazia la chumbani, akahesabu kwa sauti hadi sitini, hakukosea namba hata moja, akatoka, akasema Mzee amekataa. Nikamuuliza kwa utani, "Huyo Mzee wako yuko wapi?" Akasema, "Hayupo, mama. Unahesabu tu."

Sasa nakuuliza. Shule hiyohiyo imenipa kazi ya madirisha arobaini ya madarasa mapya, nimeshafunga ishirini na sita, bado kumi na manne, na mwalimu mkuu amekuja mara tatu kuonana na Mzee na mara zote tatu ameridhika. Ijumaa atakuwa kiti cha mbele. Nikisimama kusema Mzee ni mimi, nitaonekana tapeli mbele ya wateja wangu, nusu ya mtaa. Nikinyamaza, mwanangu atasoma mbele ya watu kwamba mama yake ni wa kuchafuka, na watampigia makofi. Je, nimwendee mwalimu faragha aiondoe ile insha? Na je, kuna vitabu gani vingine ninavyoweza kununua, maana hivi ishirini na tatu naona havikutosha?

Ni mimi,
Fundi wa Mageti

MSHAURI ANAJIBU

Fundi wa Mageti,

Nimekusikiliza hadi mwisho kama ulivyotaka. Sasa zamu yangu, na wewe usinikatize.

Hasira zako ni za haki, sitakuambia uzimeze. Wale wateja watatu walioona aproni yako na bado wakamtafuta mwenye karakana walikukosea. Waliokuachisha shule walikukosea. Kaka yako, aliyesomea nafasi yako na sasa anakalia kiti chako, anakukosea kila Jumamosi, na swali lake la koti nimelisoma mara mbili nikidhani macho yangu yana kasoro. Hapo tuko pamoja.

Ila mwanao usimguse. Mtoto aliambiwa aandike, akaandika alichokiona. Kuna mtu anakaa, kuna mtu anafanya kazi, na anayefanya kazi haamui mpaka aende akaulize. Ulipomuuliza mjomba anafanya nini akakujibu, "Anakuruhusu." Fundi, hilo ni jibu sahihi. Umemwonyesha mwenyewe tangu akiwa mgongoni.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi tuhesabu. Unawasomea watoto mara tano kwa wiki kwamba mwanamke anajenga daraja. Unapokea watu wanane kwa siku, siku sita, hizo ni mara arobaini na nane kwa wiki unazotamka kwa sauti, watoto wakisikia, kwamba mwanamke hawezi kusema bei bila kuuliza. Tano kwa arobaini na nane. Halafu unaniuliza ununue vitabu gani. Sina cha kukuuzia. Hata ukijaza nyumba vitabu hadi mlangoni, wataviruka waende karakana kuangalia inavyokuwa kweli. Ulipokuwa dukani unahesabu mama ametajwa mara ngapi akipika, nani alikuwa anahesabu kule kwako?

Sikulaumu kwa ulivyoanza. Mtu mwenye mashine inayozima kila dakika ishirini na mtoto tumboni anatumia ujanja alio nao, nami ningetumia. Lakini hiyo ilikuwa mashine moja. Leo ni nne. Ule uongo ulikuwa jukwaa la kupandia ukuta, nyumba imekwisha kujengwa na wewe bado unalala juu ya jukwaa.

Sasa hilo uliloliita jambo dogo. Barua yako yote inamlilia mtoto wa kiume, binti umempa aya moja mwishoni, na mimi ndiyo iliyoninyima usingizi. Kaka yake amedanganywa, ukimwambia ukweli atashtuka, atapona. Binti hakudanganywa. Anajua nyuma ya stoo hakuna mtu, na bado, akiwa na miaka saba, kwenye duka lake mwenyewe, na mdoli wake mwenyewe, amekwenda kuhesabu sitini. Unataka kumfundisha kaka yake aheshimu wanawake, na huyu nani atamfundisha kwamba hakuna wa kumuuliza?

Basi fanya hivi, na ufanye wiki hii.

Usimwendee mwalimu. Insha usiiguse. Kumnyang'anya mtoto maneno yake ni kumfunza kwamba wenye nguvu wakichukia walichosoma wanakifuta, na hapo utakuwa umemwongezea bosi mwingine.

Jumatatu wapeleke watoto wote wawili karakana, wakitoka shule, kazi ikiwa imepamba moto. Kaka yako naye awepo, bila koti. Yeye ndiye aseme, kwa mdomo wake, kwamba hajui kuchomelea, kwamba kiti ni cha dada yake, na kwamba amekuwa akikaa pale kwa sababu wateja wengine hawana adabu. Akikuambia tutaliangalia, mwambie umeshaliangalia. Kisha wewe waambie watoto habari ya wale watatu walioondoka, na habari ya sitini. Usiipambe. Waambie uliogopa, na kwamba ilikuwa akili wakati ule na sasa imekuwa aibu. Mtoto akimsikia mama yake anakiri kosa wima, bila kulia, amepata somo ambalo halimo katika vile ishirini na tatu.

Kile kiti kitoe ofisini siku hiyohiyo. Mpe Cheche akitumie wakati wa kuchora. Na mwanao akiwa pale karakana, Cheche akisema sogea, anasogea. Asiposogea anakwenda nyumbani, na wewe husemi neno kutoka upande wa pili, maana ukimtetea Cheche kila mara utakuwa Mzee wake.

Ijumaa nenda na aproni. Muulize mwanao kabla, mara moja tu, kama kuna sentensi angependa kuibadilisha, halafu muache. Akibadilisha, vizuri. Asipobadilisha, kaa mbele usikilize zote tisa, na usimkunjie uso, kwa sababu mtoto wa miaka kumi hamalizi kwa siku nne kujifunza alichofundishwa miaka kumi.

Na mwalimu mkuu usimngoje Ijumaa, utamharibia sherehe. Mwendee Alhamisi ofisini kwake. Mwambie hakuna Mzee, hakuwahi kuwepo, yule aliyemwona kwenye kiti ni kaka yako tu, na wewe ndiye uliyefunga yale ishirini na sita. Atakasirika, ana haki, umemdanganya mara tatu. Muombe radhi kwa uongo, usimuombe radhi kwa kuwa mwanamke, na ukiona ulimi unataka kuchanganya hayo mawili nyamaza kidogo. Kisha mpeleke kwenye madarasa mapya, mwambie afungue dirisha lolote na kulifunga. Akikuta hata moja linalokwama, sema kumi na manne yaliyobaki apewe mwingine. Kama hayakwami, muulize lini unaweza kuleta mafundi.

Unaweza kupoteza wateja, sikufichi. Wahesabu, wewe si mvivu wa kuhesabu. Andika wanaoondoka na andika wanaobaki, na baada ya miezi mitatu nitumie hesabu hiyo, nitaichapisha hapa hata ikinionyesha nimekushauri vibaya.

Lakini la kwanza kabisa halingoji Jumatatu. Kesho simu ikilia, mwite binti yako akae karibu. Mtu wa upande wa pili akisema anataka kuongea na mwenye karakana, mwambie unaongea naye. Kisha usiende popote. Nyamaza hapohapo, mbele ya mtoto, hata kama kimya kitafika sitini, na umwache huyo mtu atafute yeye la kusema.